Chenga za Kokoto na Nyumba za Printa

Anayezunguka vilima vya Kigoma, popote mwamba ulipojitokeza, hatakosa kuwakuta watu, aghalabu wanawake, wakigonga mawe kwa nyundo, kila jiwe limezungushiwa pete ya mpira wa tairi kuukuu ili vipande visiruke machoni. Na kando ya kokoto zinazongoja mnunuzi wa madebe pana lundo jingine, la chenga na vumbi, ambalo wapiga matofali huchota kwa kiasi, na baki yake huachiwa mvua iisombe kuelekea ziwani.

Lundo hilo la pili limepata habari mpya: nyumba zinazochapwa kwa printa. Mwaka 2021 kampuni ya 14Trees ilisimamisha kwa printa kuta za shule huko Salima, Malawi, kwa muda wa saa 18. Kisha huko Kilifi, Kenya, katika mradi wa nyumba 52 uitwao Mvule Gardens, nyumba 10 za mwanzo zikachapwa kwa majuma 10. Watu waliistaajabia mashine, ilhali siri ya biashara yenyewe imo katika uji wa saruji na mchanga inaoumimina tabaka juu ya tabaka.

Uji huo sharti upite bombani bila kukwama, na ukishatoka usimame papo hapo, bila kalibu, usilale chini ya uzito wa tabaka linalofuata. Sifa hizo mbili hugombana, na kinachozisuluhisha ni chembe laini mno zinazojaza nafasi baina ya punje za mchanga. Kazi hiyo aghalabu hufanywa na saruji, nyingi kuliko ile inayohitajiwa na nguvu ya ukuta. Unga wa mawe ukishika sehemu ya nafasi hiyo, saruji hupungua, na kwa mji ulio mwisho wa reli iliyofika mwaka 1914, kiasi cha kilometa 1,250 kutoka Dar es Salaam, kila mfuko uliopunguzwa ni nauli iliyookolewa. Kinyume chake, mwenye kuileta printa Kigoma pamoja na mchanganyiko wake mkavu kutoka ng'ambo atakuwa amesafirisha mchanga kwenda kwenye mchanga.

Walakini si kila vumbi lafaa. Mawe mengi ya hapa asili yake ni mchanga ulioshikana ukawa mgumu, yenye chembe kali zinazokula parafujo ya pampu na, baya zaidi, mapafu ya mgongaji. Unga wa mawe ya chokaa ni mpole kuliko vumbi hilo. Udongo nao ukiingia katika unga hufyonza maji, na ukuta hupasuka ukikauka. Kwa hiyo bidhaa ya kuuza ni vumbi lililochekechwa, likapimwa, likawa leo sawa na jana.

Fursa ya wingi yaweza kutoka kwenye reli mpya ya Tabora hadi Kigoma, ya kilometa 506, ambayo mkataba wake ulitiwa saini Desemba 2022, maana tuta la reli hudai mawe makubwa yaliyochujwa, na kila msagio huacha vumbi lake. Mimi nisingeanza kwa kununua printa. Ningenunua chekeche, mizani na pipa la maji ya kulowesha mawe, nikawauzia kwanza wapiga matofali wa Ujiji, ambao wanayo kalibu yao tayari na hulipa siku ile ile.