Uzi wa Kilio: Alama ya Reli na Wasichana wa Chibok

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Usiku wa tarehe 14 Aprili 2014, watu wenye silaha wa kundi la Boko Haram waliivamia shule ya sekondari ya wasichana ya Chibok, katika jimbo la Borno, kaskazini mashariki mwa Nigeria, wakawachukua wanafunzi 276. Wengi wao walikuwa mabinti wa familia za Kikristo waliokuwa wakijiandaa kwa mitihani. Wasichana 57 waliponyoka mapema, baadhi yao kwa kuruka kutoka kwenye malori na kukimbilia porini. Wenzao 219 walitoweka.

Siku za kwanza kilio cha wazazi hakikufika mbali. Lakini kabla mwezi haujapita, watu wa mabara yote walikuwa wakikitamka. Kilisafirije? Nasi akina mama tunajifunza nini hapo, sisi ambao watoto wetu wanashinda na simu mkononi?

Neno moja, sare moja

Tarehe 23 Aprili 2014, mjini Port Harcourt, Bi. Oby Ezekwesili, aliyewahi kuwa Waziri wa Elimu wa Nigeria, alisimama katika hafla ya vitabu akawaomba waliokuwapo wapaze sauti ili mabinti warudishwe. Mwanasheria wa Abuja, Ibrahim Abdullahi, aliyasikia maneno yale akayaandika katika mtandao wa Twitter, ambao tangu mwaka 2023 unaitwa X. Aliyatanguliza kwa alama ya reli: #BringBackOurGirls, yaani, “Turudishieni wasichana wetu”.

Alama hiyo ilipendekezwa itumike hivyo na Chris Messina wa Marekani mwaka 2007. Kazi yake ni kama ya sare ya kitenge. Tukiwa katika umati wa sikukuu, sare hututambulisha kuwa wale ni wanakwaya wa usharika fulani, hata kama wamesimama mbalimbali. Vivyo hivyo, kila anayeandika neno lenye alama ya reli huonekana pamoja na wenzake wote waliolitumia, awe Abuja au London.

Tarehe 30 Aprili akina mama waliandamana mjini Abuja kwenda Bunge la Taifa, wengi wamevaa nguo nyekundu, mvua ikiwanyeshea. Tarehe 7 Mei Bi. Michelle Obama, mke wa Rais wa Marekani wakati huo, alionekana pichani ameshika karatasi yenye maneno yale. Ujumbe wenye alama ile ulikuwa umekwisha kuandikwa zaidi ya mara milioni moja.

Ramani ya mahusiano

Mtu hawezi kusoma ujumbe milioni moja na kuuelewa. Kwa hiyo wataalamu huchora ramani. Ufundi huu haukuanza na kompyuta. Ulianza na wasichana wa shule. Mwaka 1932, katika shule ya wasichana ya Hudson, jimbo la New York, wanafunzi 14 walitoroka ndani ya wiki mbili. Daktari Jacob Moreno aliwauliza wasichana wanapenda kukaa na nani, kisha akachora duara kwa kila msichana na mstari kwa kila urafiki. Picha ile ilimwonyesha kuwa wazo la kutoroka lilipita katika nyuzi za urafiki, kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Wenyewe hata hawakujua kuwa walikuwa wakivutana.

Leo kompyuta hufanya kazi ileile. Hukusanya ujumbe wote wenye alama fulani. Kila mwandishi huwa nukta. Mmoja akirudia maneno ya mwenzake au akimtaja, mstari huchorwa kati yao. Nukta yenye mistari mingi huchorwa kubwa, na wanaozungumza zaidi wao kwa wao hupewa rangi moja.

Tufikirie jumuiya zetu. Yuko mama mmoja ambaye akisema neno, nyumba ishirini zimelisikia kabla ya jua kuzama. Huyo ndiye nukta kubwa. Yuko mwingine, mpole, asiye na cheo, lakini anauza mboga mtaa wa pili na kuimba kwaya mtaa wa kwanza. Bila yeye mitaa hiyo miwili isingepashana habari. Wataalamu humwita daraja. Mara nyingi jambo huvuka kwenda mbali kwa sababu ya madaraja zaidi ya kelele za wakubwa.

Ramani yenye tarehe husaidia pia kutafuta ukweli. Katika Mei 2014 baadhi ya vyombo vya habari vya Marekani vilimtaja mwanamke wa huko kuwa ndiye aliyeanzisha alama ile. Wanigeria walikataa, na ujumbe wa Aprili ukaonyesha wazi kuwa uzi ulianzia kwao. Aidha, picha za wasichana zilizosambazwa sana hazikuwa za Chibok kabisa. Zilipigwa na Ami Vitale, mpiga picha wa Marekani, nchini Guinea-Bissau. Watoto wa watu wengine walitangazwa duniani kana kwamba wametekwa! Waliozisambaza walikuwa na nia njema, lakini nia njema peke yake haimlindi mtoto.

Wasioonekana katika ramani

Hata hivyo, wapendwa akina mama, ramani hii ina upungufu mkubwa. Humwonyesha aliyeandika tu. Mama wa Chibok aliyelala chini akilia, asiye na simu wala umeme, si nukta wala mstari. Mtu maarufu aliyeandika mara moja akasahau huonekana mkubwa kama mlima. Aliyefunga na kuomba kila Ijumaa haonekani. Tena nukta nyingine si watu, ila ni programu zinazorudia maneno zenyewe. Wingi wa nukta, basi, si kipimo cha upendo.

Kelele za dunia zilipungua upesi, lakini kundi dogo la Abuja liliendelea kukutana na kudai. Wasichana 21 waliachiliwa Oktoba 2016, na wengine 82 Mei 2017, kwa mazungumzo ya faragha ambayo hayakuwa na alama yoyote ya reli. Miaka kumi ilipotimia, Aprili 2024, zaidi ya 80 walikuwa bado hawajarudi, na baadhi ya wazazi walikuwa wamefariki wakisubiri. Tunamkumbuka yule mjane wa Luka 18, aliyemwendea hakimu tena na tena. Nguvu yake ilikuwa kutochoka.

Nyumbani kwetu

Jambo hili haliko Nigeria tu. Juni 2024 vijana wa Kenya walikusanyika chini ya alama #RejectFinanceBill2024 kupinga muswada wa kodi. Tarehe 25 waliingia Bungeni, na kesho yake Rais alisema hatautia saini muswada huo. Lakini vijana walipoteza maisha, na kuna mama ambao hadi leo wanatandika kitanda kisicholaliwa.

Kwa hiyo tusiseme, “Hayo ni mambo ya watoto.” Wala tusiwanyang’anye simu kwa hasira, kwani tutakuwa tumekata uzi wa kwetu na kuacha ule wa wengine. Tukae nao, hata wakati wa kuchambua mchele, tuwaulize:

Neno hili lilianza na nani, na lini? Nani amelileta kwako, naye alilipata wapi? Picha hii ni ya nani, na mama yake angependa isambazwe? Wanaolirudia ni watu wa kundi moja tu, au limevuka daraja? Na ni nani anayeumia ambaye sauti yake haimo?

Swali la mwisho ndilo letu hasa. Kompyuta itahesabu waliosema. Kumtafuta yule aliyenyamaza kwa uchungu, kumpelekea unga, kukaa naye mkekani na kulitaja jina la mwanawe katika sala mwaka baada ya mwaka, hiyo ni kazi ya mikono yetu.