Programu ya kumchagulia mtoto nguo: inavyofaa kuundwa, na unavyoilipia

Mtoto wa miaka miwili hapa Nakuru anahitaji nguo za misimu miwili kwa siku moja. Saa kumi na mbili asubuhi, hasa Juni na Julai, ni baridi ya sweta na boshori. Ikifika saa nane mchana jua limewaka, na mtoto huyo huyo anatokwa jasho. Ukipanda kuelekea Molo au Mau Narok, sweta haitoki mwilini. Ukishuka Marigat, hata soksi ni mzigo. Sasa fikiria mzazi anayetoka alfajiri kuwahi gari la kazi kwenye mashamba ya maua ya Naivasha. Hana dakika ya kusimama mbele ya kabati akiwaza haya yote.

Kwa hivyo programu ya simu inayomchagulia mtoto nguo si mchezo. Labda unataka kuunda moja, au rafiki amekutumia linki upakue. Maswali ya kuuliza ni yale yale.

Inaanza na nguo zipi? Iliyo nzuri inaanza na zile ziko nyumbani. Unazitandaza kitandani, unazipiga picha, halafu inakupangia: fulana ndani, shati juu, sweta ya kuvuliwa jua likitoka. Ikianza moja kwa moja kukuuzia, hilo ni duka tu, hata kama linajiita mshauri. Picha ya mtoto mwenyewe haihitajiki hata kidogo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla taarifa za mtoto kutumiwa, na idhini hiyo ni yako kuitoa au kuinyima.

Kuna jambo la saizi, na hapa pesa nyingi hupotea. Sisi wengi tunavalisha watoto mtumba, na mtumba hutoka kila pembe ya dunia. Shati lililotengenezewa soko la Ujerumani litaandikwa 92, la Marekani 2T, la Uingereza miaka 2–3. Hiyo 92 si umri wala uzito, ni urefu wa mtoto kwa sentimita. Zile za Marekani zenye T hukatwa zikiwa na nafasi ya nepi. Programu inayouliza umri peke yake itakununulia suruali ya kubana, kwa sababu watoto wawili wa miaka miwili wanaweza kupishana sana kwa kimo. Iulize urefu. Mvue mtoto viatu, msimamishe ukutani, pima kutoka kisigino hadi utosini kwa futi ya fundi, na urudie kila baada ya miezi mitatu hivi. Wanarefuka haraka kuliko mshahara.

Tena, anayemvalisha mtoto ni nani? Mara nyingi si mzazi, ni yaya au shosho, na simu yake huenda ni kabambe. Mbunifu akisahau hilo, kazi yake yote inabaki kwenye simu iliyo kazini na mama. Afadhali mpango wa kesho utoke usiku kwa SMS fupi: “Sweta ya kijani, taiti nyeusi, boshori. Saa tano vua sweta.” Na programu yenyewe ifanye kazi hata bandozi zikiisha.

Tuje kwenye malipo. Programu halali ikitaka ulipe kwa M-Pesa, inatuma ombi linalojitokeza lenyewe kwenye simu yako, likionyesha kiasi na jina la anayelipwa. Hapo ndipo unaweka PIN, kwenye ombi hilo peke yake. Ukiona ukurasa wa programu wenyewe una kisanduku cha kuandika PIN, funga na uifute. Soma jina kabla ya kubonyeza. Ukiona jina la mtu usiyemjua badala ya lile la duka, kataa, kisha umuulize muuzaji. Ombi usilolijibu huisha lenyewe na pesa yako haiguswi.

Angalia pia ruhusa unazoombwa wakati wa kupakua. Kamera, sawa, ni ya kupiga picha nguo. Lakini kusoma SMS zako? Ndani ya SMS kuna salio lako na kila mtu uliyemtumia pesa. Programu ya sweta haina biashara huko.

Pesa ikienda kwa namba isiyo yake, peleka ujumbe wa muamala huo kwa 456 mara moja, kabla aliyepokea hajaitoa. Lakini elewa kwamba kurudisha muamala ni kwa pesa iliyopotea njia. Suruali ikifika na haimtoshi mtoto, hayo ni makubaliano yako na muuzaji, ndiyo maana unamuuliza kabla: je, anabadilisha saizi, na nauli ya kurudisha ni ya nani? Kama hamjuani, mwombe ulipe mzigo ukifika mkononi. Wauzaji wengi wa mjini hukubali, hasa wanaotuma kwa boda. Anayekataa kabisa na kukuharakisha eti ofa inaisha saa hii, mwache aende nayo. Na ule ujumbe wa malipo usiufute hadi mtoto aijaribu nguo.