Arbitre asimame wapi? Somo kwa vikundi vyetu kabla ya mechi

Michuano ya tarehe 8 ya mwezi wa tatu inakaribia. Vikundi vimeanza kutafuta jezi na mipira, lakini jambo moja tunalisahau kila mwaka: nani atashika firimbi, na atasimama wapi?

Mwaka jana, vikundi viwili vya akiba vya kartie yetu vilicheza vizuri hadi dakika za mwisho. Mpira ukagonga mlingoti na kuanguka karibu na mstari. Wamoja walisema umeingia, wengine wakakataa. Kijana mwenye firimbi alikuwa bado katikati ya kiwanja, akakubali goli. Wamama kadhaa wakaacha kuja mkutanoni, na kati yao alikuwemo mmoja wa wale watatu wenye funguo za sanduku. Sanduku likakaa wiki tatu bila kufunguliwa, na watoto wakangoja franga za masomo. Kijana yule hakuwa na upendeleo. Alisimama mahali ambapo mtu hawezi kuona.

Fanyeni jaribio hili nyumbani. Wekeni chupa mbili mezani, moja nyuma ya nyingine, mwinamishe macho yalingane nazo. Mkizitazama kwa mbele, zinaonekana kama zimeshikana. Sogeeni hatua mbili pembeni: nafasi iliyo kati yake inaonekana wazi. Ndivyo ilivyo kwa wachezaji wawili wanaogombea mpira. Mwamuzi akiwa nyuma yao hajui kama mguu umegusa mpira au umegusa mguu wa mwenziwe. Akitazama kutoka pembeni, anajua. Kwa hiyo kukaribia peke yake hakutoshi. Lazima apate pembe nzuri ya kutazamia.

Ndiyo sababu waamuzi wa mpira wa miguu hukimbia kwa mshazari, kutoka upande wa kona moja ya kiwanja kuelekea kona ya upande wa pili. Wasaidizi wawili wenye bendera hukaa nje ya mistari ya pembeni, kila mmoja upande wake na nusu yake ya kiwanja. Kwa njia hiyo mchezo unakuwa kati ya mwamuzi na msaidizi, na macho mawili yanautazama kutoka pande mbili.

Msaidizi naye ana mahali pake. Ili kuona kuotea, ile tunayoita hors-jeu, analingana na mchezaji wa pili kutoka mwisho wa timu inayolinda, kipa akihesabiwa. Mpira ukiwa karibu zaidi na goli kuliko mchezaji huyo, anaufuata mpira. Wakati wa kona anasimama nyuma ya bendera ya kona, akiangalia sawasawa na mstari wa goli. Hapo ndipo anaweza kujua kama mpira wote umepita mstari wote. Ukibaki hata kidogo juu ya mstari, si goli. Kwa mpira wa adhabu, ukuta uwe mita 9.15 kutoka kwenye mpira, yaani kama hatua kumi kubwa. Penati inapigwa kutoka mita 11.

Kama hamna wasaidizi, mwamuzi mmoja asing'ang'anie katikati. Aufuate mchezo kwa pembeni, na mpira ukikaribia goli awe ameshakaribia.

Wengine watasema kazi hii si ya wanawake. Tuwakumbushe Salima Mukansanga, aliyezaliwa Rusizi, ng'ambo tu ya Bukavu. Tarehe 18 Januari 2022, huko Yaoundé, alichezesha mechi ya Zimbabwe na Guinea, akiwa mwanamke wa kwanza kushika firimbi katikati ya kiwanja kwenye Kombe la Afrika la wanaume. Mwaka ule ule alichaguliwa kwenda Kombe la Dunia huko Qatar. Huko Stéphanie Frappart wa Ufaransa alichezesha Costa Rica na Ujerumani, na wasaidizi wake wawili wa pembeni walikuwa wanawake pia.

Basi tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila kikundi kichague wasichana wawili sasa hivi, siyo asubuhi ya mechi. Pili, wajizoeze siku ya posho kwenye kiwanja cha masomo: wawili wagombee mpira, wa tatu atazame kutoka nyuma, kisha kutoka pembeni, aseme ameona nini. Tatu, msichana asichezeshe mechi ya kikundi cha mama yake.

Na sisi tunaosimama kando, turudi hatua mbili nyuma ya mstari. Msaidizi anahitaji njia ya kukimbilia. Tukimzibia, tusimlaumu kwamba hakuona.