Fenner Brockway: Aliyeitwa "Mbunge wa Afrika" katika Bunge la Uingereza

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wananchi wa Kenya, Uganda na Tanganyika walitawaliwa na serikali iliyowajibika kwa Bunge la London, ilhali hawakuwa na kura hata moja ya kumchagua mbunge wa huko. Pengo hilo ndilo alilojaribu kuliziba Fenner Brockway wa chama cha Labour.

Brockway alizaliwa Calcutta, India, mwaka 1888, mtoto wa wamisionari. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alifungwa gerezani kwa kukataa kwenda vitani. Aliingia Bungeni mwaka 1929, akashindwa mwaka 1931, kisha akarejea mwaka 1950 kwa jimbo la Eton na Slough.

Siku chache baada ya hali ya hatari kutangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, Brockway na mbunge mwenzake Leslie Hale waliwasili Nairobi kwa mwaliko wa chama cha KAU, ambacho rais wake, Jomo Kenyatta, alikuwa tayari amekamatwa. Brockway alishikilia kwamba mabavu pekee hayatoshi iwapo madai ya ardhi na ubaguzi wa rangi hayatashughulikiwa.

Silaha yake kubwa ilikuwa swali. Mbunge alipomuuliza Waziri wa Makoloni, waziri alilazimika kujibu hadharani, na jibu liliandikwa katika kumbukumbu rasmi. Hivyo jambo lililofichwa katika koloni la mbali liliweza kufika magazetini. Mwaka 1954 alishiriki kuasisi Vuguvugu la Uhuru wa Makoloni, akawa mwenyekiti wake.

Hata hivyo, uwezo wake ulikuwa na mipaka. Chama chake kilikuwa upinzani tangu 1951 hadi 1964. Kuanzia mwaka 1956 aliwasilisha mara tisa muswada wa kupiga marufuku ubaguzi wa rangi nchini Uingereza, na mara zote uligonga mwamba.

Katika uchaguzi wa 1964, uliokirejesha chama chake madarakani, yeye alipoteza kiti kwa kura 11 tu. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria ya kwanza dhidi ya ubaguzi huo. Brockway alifariki dunia mwaka 1988 akiwa na umri wa miaka 99. Tanganyika, Uganda na Kenya zilikuwa zimepata uhuru angali mbunge.