Unakimbia Nairobi Marathon? Hii Ndio Rada ya Siku Yenyewe

Sawa, ushalipa. Picha ya nambari yako ushaiweka Instagram na mabeshte wakajaza moto kwa comments. Sasa imebaki siku yenyewe, na hapo ndio wasee wengi huchoma. Mazoezi ni ile umefanya ama ile hukufanya, na wiki ya mwisho hakuna miujiza utatenda. Lakini asubuhi ya mbio iko na vitu ndogo ndogo zinaweza kukumaliza hata kabla ufike kilomita ya tano, na hakuna mtu hukushow ju kila mtu anadhani unajua.

Nitaongea sana na msee wa 21 ju wengi wetu tuko hapo. Ka unaenda 42, soma hii yote halafu zidisha mara mbili.

Anza na ile pakiti. Usingoje kuifungua asubuhi. Jumamosi jioni toa kila kitu, panga kwa kitanda: tisheti, kaptula, soksi, viatu, nambari, pini nne. Viatu ziwe zile umezoea. Najua ulinunua ndula mpya Toi na zinawaka, lakini ndula mpya kwa kilomita 21 ni kuomba malengelenge. Ziwekee Jumatatu. Soksi pia, usitest soksi mpya siku hiyo. Halafu paka Vaseline mapajani, kwapani, na wanaume, kwa chuchu. Usicheke. Tisheti ikilowa jasho inasugua hapo kwa masaa mawili hadi utoke damu, na picha ya kumaliza utaonekana ni kama umepigwa risasi mbili.

Nyuma ya nambari ndio chipu hukaa mara nyingi, kale kamkanda kembamba. Usiikunje, usiitoe, na usibandike nambari mgongoni. Inafaa ikae kifuani, wazi, bila koti juu yake. Ukipita ile mkeka pale mwanzo, chipu inasomwa na saa yako inaanza. Ukipita ya mwisho inasimama. Maana yake ni hii: hata ka uko nyuma ya watu elfu tatu na unafika kwa mstari dakika sita baada ya bunduki kulia, hizo dakika sita si zako. So hakuna haja ya kusukumana. Bunduki ni ya wale wanatafuta pesa. Wewe uko na chipu.

Sasa geuza nambari uangalie upande wa nyuma. Kuna mahali pa kuandika jina, mtu wa kupigiwa simu, na ka uko na ugonjwa wowote. Watu hupita hapo ni kama masharti ya Fuliza. Acha nikuambie kwa nini wewe hutapita.

Kuna mwaka nililipia 21 ya mbio moja hapa Nai. Jumamosi kukawa na sherehe ya mtaa, nikaenda "kidogo tu", na saa tisa usiku nikajua mimi si wa kukimbia popote. Beshte yangu akasema nisiharibu doo, anipee nambari aende yeye. Nikaona ni poa. Nikazima simu nikalala.

Huyo jamaa ako na pumu. Inhaler aliacha kwa bag. Alitoka mbio sana, jua likawaka, na karibu kilomita ya 18 akaanguka. Watu wa ambulensi wakafika haraka, wakageuza nambari. Nyuma nilikuwa nimeandika jina yangu, nambari ya mathe yangu, na pale pa ugonjwa nikaandika "hakuna".

Mathe alikuwa kanisani. Akaambiwa mtoto wake amezirai na anapelekwa hosi. Akanipigia, simu imezimwa. Akapanda boda na ile nguo ya kanisa, akalia njia yote, na kufika huko akafunguliwa pazia akaonyeshwa kijana hajui. Mathe wa beshte naye, mtu mwenye alifaa kupigiwa, alijua jioni. Jamaa alipona, ako fiti hadi leo. Lakini kuna nusu saa hivi madaktari walikuwa wanatibu mimi kwa mwili wa mtu mwingine, wakiamini hana pumu ju karatasi ilisema hana.

So andika. Jina lako halisi, simu ya mtu mwenye huwasha simu, ugonjwa wako, dawa zako, kile hukudhuru. Na ka huwezi kukimbia, kaa kejani na nambari yako. Doo imeenda, kubali.

Tuendelee. Kufika huko.

Miaka ya karibuni ile ya Oktoba ya Standard Chartered, yenye ilianza 2003, imekuwa ikifanyiwa Uhuru Gardens, na njia yake inaenda Lang'ata Road na Southern Bypass. Hizo ndizo barabara zinafungwa. Umeona shida? Barabara inakupeleka kwa mbio ndio barabara ya mbio. Msee wa Rongai anajiambia "mimi niko karibu", halafu anakwama mbele ya kizuizi cha polisi saa kumi na mbili akiangalia wenzake wakianza. Wa Githurai na Kayole angalau wanajua wako mbali, so wanatoka mapema. Soma ratiba ya kufunga barabara yenye waandaaji wanatuma, usitegemee ramani ya simu ju hiyo itakuambia dakika kumi na tano na roho safi.

Jumapili saa kumi alfajiri mathree ni chache na haziondoki hadi zijae. Changeni na mbogi, mchukue teksi moja jioni ile ingine mkiwa mmeshaongea na dere. Lenga kuwa hapo saa nzima kabla ya mbio yako kuanza. Kawaida 42 hutoka mapema, 21 inafuata, na wale wa 10 na 5 baadaye, so usije na beshte wa 10 ukafuata saa yake.

Asubuhi kuna baridi. Kwa nchi za wenyewe wakimbiaji hujifunika mifuko ya plastiki wakingoja. Hapa mifuko ilipigwa marufuku Agosti 2017, so beba sweta mzee yenye huwezi lilia, ile ya high school iko tu. Simu, wallet na funguo, beba tu zenye lazima. Kwa ule msongamano wa mwanzo si kila mtu amekuja kukimbia.

Kula masaa mawili au matatu kabla. Ndio, hiyo ni saa tisa, saa kumi usiku. Chai na mkate mweupe, ndizi, basi. Usiku wa kuamkia, wali ama ugali na kitu nyepesi. Githeri achana nayo, maharagwe achana nayo, smokie ya stage achana nayo kabisa. Utumbo ukikimbizwa hauna huruma. Na hii inatuleta kwa vyoo: vile vya plastiki vinakuwa na foleni ndefu kuliko ya Huduma Centre, na karatasi huisha mapema. Beba tishu yako. Ingia kwa foleni ukifika, hata ka hujisikii. Ukifika mbele utajisikia.

Sasa mbio. Eliud Kipchoge alimaliza 42 kwa 1:59:40 kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019. Hiyo ni kama dakika 2 na sekunde 50 kila kilomita, zaidi ya kilomita 21 kwa saa. Marehemu Kelvin Kiptum alienda 2:00:35 Chicago mwaka wa 2023 bila kuvukishwa na kikosi cha kupokezana mbele yake. Nakuambia hizi ujue kitu moja: hao watu wako kwa mstari wa mbele, na wewe usikae hapo. Ukijaribu kuwafuata mita 200 ndio upate video, utalipa na kilomita 20.

Piga hesabu yako kabla. Ka unataka 21 kwa masaa mawili na nusu, hiyo ni kama dakika 7 na sekunde 7 kila kilomita. Masaa mawili kamili ni karibu dakika 5 na sekunde 41. Kilomita mbili za kwanza enda polepole kuliko hiyo. Itauma roho, ju hata mzee wa miaka sitini na soksi ndefu atakupita. Mwache. Mwanzo mwili uko fresh, kuna DJ, kuna watu wanapiga kelele, unajiskia uko na mbawa. Hizo mbawa ni za kukopa. Na yule mzee, si uongo, saa ingine hatumuoni tena hadi mwisho, ju yeye anajua kazi.

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyembamba, kila pumzi inaleta oksijeni kidogo kuliko Mombasa. Ka umetoka Pwani juzi kuja kukimbia, usitarajie saa yako ya Nyali. Punguza. Bypass nayo inapanda na kushuka, na ile milima ya kurudi ndio mbaya, ju unaipata jua likiwa limetoka. Kupanda fupisha hatua, usiangalie juu. Ukitembea kidogo hakuna mtu amekufa, lakini sogea kando kwanza, usisimame ghafla katikati ya watu.

Maji. Hapa ndio wengi tumedanganywa. Tumeambiwa kunywa, kunywa, kunywa, hadi msee anabeba chupa ya lita na anaimaliza kabla ya kilomita ya nane. Kunywa ukihisi kiu, mafunda machache kila kituo. Maji mingi kupita kiasi huzimua chumvi kwa damu, na hiyo kitu huvimbisha ubongo na inaweza kuua. Si stori za mtaa. Pale Boston Marathon ya 2002 walipima damu ya wakimbiaji 488 baada ya mbio na asilimia 13 walikuwa na chumvi chini ya kiwango. Wenye walikuwa hatarini sana ni wale walikunywa hadi wakaongeza kilo wakikimbia, na wale walikaa kwa barabara zaidi ya masaa manne. Yaani sisi wa polepole. Wale wa mbele hawana hata time ya kunywa hivyo.

Na Brufen usimeze asubuhi "kuzuia uchungu". Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, si daktari, lakini hii iko wazi: figo zako zinang'ang'ana na jasho na joto, na hiyo dawa inapunguza damu inayozifikia. Kama goti linauma hadi unahitaji dawa kuanza, goti limeshakujibu.

Wa 42, nyinyi mko na mambo yenu karibu kilomita ya 30. Sukari yenye mwili huweka kwa misuli na maini inakaribia kuisha, na miguu inazima ni kama tokeni ya stima. Dawa ni kula kabla uishiwe: kipande cha ndizi, glukosi, jeli ka umezoea, kuanzia dakika ya arobaini hivi na kuendelea. Ukingoja hadi uone nyota umechelewa.

Kuna uchovu na kuna hatari, jifunze kutofautisha. Miguu kuwaka, mapafu kulalamika, kichwa kukuambia urudi nyumbani, hizo ni kawaida. Kifua kubana, kuhisi baridi na jua linawaka, kuyumba, kusahau uko wapi, hapo simama na uite watu wa huduma ya kwanza. Ukiona mwenzako anayumba, simama naye pia. Saa yako itarudi mwaka ujao. Na ukibaki nyuma sana, gari la kufagia likikufikia ingia, ju barabara zinafunguliwa na nganya za Lang'ata Road hazijui ulikuwa na ndoto.

Ukivuka mstari, usikae chini hapo hapo. Damu yote iko miguuni na ukisimama ghafla unaweza kuzimia, nimeona msee akivuka vizuri, akapiga selfi, akaanguka na medali mkononi. Tembea dakika kumi. Kunywa kidogo, kula kitu yenye ina chumvi, vaa sweta. Na ongea na watu wako mtakutana wapi kabla ya mbio, ju mtandao hapo huwa umelala na "niko karibu na hema nyeupe" haisaidii mtu, hema zote ni nyeupe.

Jumatatu ngazi za kushuka utazishuka kinyumenyume. Hiyo ni kawaida, itaisha kufikia Alhamisi.

Mimi nilikimbia yangu mwaka uliofuata, masaa 2:41, nambari yangu, jina langu. Medali iko kwa mathe, imening'inia kando ya TV. Bado huniuliza ka ni mimi kweli nilikimbia.