Shabu, Floridi na Mashapo: Namna ya Kufundisha Usafishaji wa Maji

Katika shule zetu za msingi, somo la usafishaji wa maji aghalabu hufundishwa kwa haraka. Mwalimu huandika ubaoni hatua zilizozoeleka: kutuamisha, kuchuja, kuchemsha na kutia dawa. Wanafunzi huzinakili na kipindi huisha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba somo hilo lina jambo kubwa zaidi ndani yake, hasa kwa mwalimu atakayefanya kazi katika wilaya za Mbulu na Hanang. Jambo lenyewe ni hili: maji maangavu si lazima yawe maji salama, na kila dawa itiwayo majini ina kipimo chake na huacha mabaki ambayo hapana budi yapatiwe mahali pa kwenda.

Hali ya mahali

Tuchukue mfano wa mwalimu aliyepangiwa shule katika eneo la Nambis. Nambis iko katika nyanda za juu za Mbulu, Mkoa wa Manyara, mkoa uliomegwa kutoka Mkoa wa Arusha mwaka 2002. Nyanda hizo zimepakana na ukingo wa Bonde la Ufa unaoshuka kuelekea Ziwa Manyara, na upande wa kusini husimama Mlima Hanang, ambao ni mlima wa volkano. Miamba ya volkano huwa na madini mengi ya floridi. Maji yapitapo katika miamba hiyo huyayeyusha madini hayo na kuyachukua hadi katika chemchemi na visima.

Hatusemi kwamba kila chemchemi ya Mbulu ina floridi nyingi. Visima viwili vilivyo karibu vyaweza kutofautiana sana, na kipimo cha maabara ndicho kisemacho kweli. Lakini mwalimu wa huku hawezi kulifumbia macho jambo hili, kwa maana linawahusu watoto wenyewe. Floridi kidogo husaidia kuimarisha meno. Ikizidi, meno yanayoumbika bado ndani ya ufizi huharibika, na yakiota huwa na madoa ya rangi ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Mtu akiyanywa maji hayo kwa miaka mingi, mifupa nayo huweza kuathirika hata viungo vikakakamaa na miguu ikapinda. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floridi katika lita moja ya maji. Nchini kwetu, kwa sababu ya uhaba wa maji, viwango vya muda vya mwaka 1974 viliruhusu hadi miligramu 8 vijijini. Baadaye kiwango hicho kilishushwa.

Floridi haina rangi wala harufu. Kuchemsha maji hakuiondoi. Maji yakipungua chunguni, floridi iliyomo huzidi kuwa nzito. Kuchuja kwa kitambaa pia hakuiondoi. Hapa ndipo hatua zile za ubaoni zinapotuachia pengo.

Shabu ni nini?

Dawa itumiwayo mara nyingi katika mitambo ya kusafishia maji ni salfeti ya alumini, ambayo ni ndugu wa shabu iuzwayo madukani. Alumini iliyomo ndani yake ni ile ile itengenezwayo sufuria na baadhi ya mabati. Kiwandani, dawa hii hupatikana kwa kuchanganya mawe ya boksiti, au hidroksidi ya alumini iliyotokana nayo, na asidi ya salfuriki.

Dawa hii ikitiwa katika maji ya tope hufanya mabonge madogo mepesi mfano wa pamba. Mabonge hayo ni hidroksidi ya alumini. Chembe za udongo hunaswa humo, mabonge hushikamana, huwa mazito, kisha hutuama chini. Wakati huo huo maji huelekea kuwa na asidi. Ndiyo maana chokaa hutumika kuyarudisha katika hali ya wastani. Kipimo kikikosewa, sehemu ya alumini hubaki imeyeyuka katika maji yaliyokusudiwa kunywewa.

Mabonge hayo hayo huweza kunasa floridi pia. Wataalamu wa India walibuni njia ya kutumia shabu na chokaa kwa kazi hiyo, ikaitwa kwa jina la wilaya ya Nalgonda. Hapa kwetu njia hiyo ilichunguzwa katika Kituo cha Ngurdoto, wilayani Arumeru, kwa kutumia ndoo za nyumbani. Katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 1996, ndoo ya lita 20 ilitiwa gramu 12.8 za shabu na gramu 6.4 za chokaa. Floridi ilishuka kutoka miligramu 12.5 katika lita hadi kiasi cha miligramu 2.1.

Tuwatake wanafunzi waitazame hesabu hiyo kwa makini. Sehemu kubwa ya floridi iliondoka, na hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, maji yaliyobaki yalikuwa bado juu ya 1.5. Tena kipimo cha dawa ni kikubwa mara nyingi kuliko kile cha kuondolea tope tu, na kila ndoo huacha mashapo yenye alumini na floridi pamoja. Kwa sababu kama hizo, wataalamu wameendelea kutafuta njia nyingine, ikiwemo ya kupitisha maji katika mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao nao hunasa floridi.

Somo lenyewe

Tunapendekeza vipindi viwili vinavyofuatana, kwa Darasa la Sita au la Saba. Vifaa ni chupa nne angavu, maji ya tope, maji ya mvua, shabu, chokaa, chumvi, kijiko cha chuma, jiko na, ikipatikana, karatasi ya litmasi.

Hatua ya kwanza. Jaza chupa mbili kwa maji ya tope. Moja iache kama ilivyo. Ya pili itie shabu kidogo iliyosagwa, ikoroge upesi kwa dakika moja, kisha polepole kwa dakika tano. Ziweke mahali pasipotikiswa. Wanafunzi waandike waonayo kila baada ya dakika kumi.

Hatua ya pili. Wakati wa kungoja, yeyusha shabu nyingi katika maji kidogo ndani ya chupa ya tatu. Karatasi ya buluu ya litmasi itageuka kuwa nyekundu. Ongeza maji ya chokaa kidogo kidogo. Mabonge meupe yataonekana, na hapo wanafunzi wataiona kwa macho ile hidroksidi iliyotajwa.

Hatua ya tatu. Katika chupa ya nne yeyusha chumvi katika maji ya mvua. Uliza: "Je, maji haya ni maangavu?" Watajibu kwamba ndiyo. Kisha tia matone machache katika kijiko na uyakaushe juu ya moto. Weupe utabaki kijikoni. Fanya vivyo hivyo kwa maji ya mvua yasiyo na chumvi ili walinganishe. Chumvi hapa inasimama badala ya floridi, ambayo hatuwezi kuipima darasani. Waache wanafunzi watamke wenyewe kwamba kitu kilichoyeyuka hakionekani kwa macho. Mwalimu akiwatangulia kulisema, somo limekufa.

Hatua ya nne. Rudi kwenye chupa ya pili, ambayo sasa ni angavu juu na yenye mashapo chini. Mimina maji ya juu katika chombo kingine, kisha uliza swali ambalo ndilo kiini cha somo zima: "Haya yaliyobaki tuyapeleke wapi?"

Mashapo yaende wapi?

Mtoto mmoja atasema yamwagwe mtoni, mwingine atasema nyuma ya darasa. Mwalimu asikatae jibu lolote kwa haraka, bali aulize, "Kisha yataelekea wapi?" Wafuatishe njia ya maji kutoka hapo shuleni hadi bondeni. Mashapo ya maji ya floridi yakitupwa karibu na kisima, mvua yaweza kuirudisha floridi pale pale ilikotolewa. Katika maji au udongo wenye asidi nyingi, alumini huyeyuka tena. Huwadhuru samaki katika matamvua yao, na hudumaza mizizi ya mimea.

Swali hilo hilo huulizwa katika viwanda vikubwa. Kutoa alumini katika boksiti huacha tope jekundu lenye ukali wa magadi. Tarehe 4 Oktoba 2010, karibu na mji wa Ajka nchini Hungaria, ukingo wa bwawa la tope hilo ulibomoka. Tope lilifurika vijijini na watu kumi walikufa. Nako Camelford, nchini Uingereza, mwezi Julai 1988, tani 20 za salfeti ya alumini zilimiminwa katika tangi lisilo lake. Maji yenye asidi yaliwafikia watu wapatao 20,000, na mwanzoni waliambiwa kwamba maji yao hayana madhara. Dawa ilikuwa ile ile isafishayo maji kila siku. Kilichopotea ni kipimo, uangalifu na ukweli kwa wananchi.

Tahadhari kwa mwalimu

Kwanza, maji ya majaribio haya yasionjwe wala kunywewa na mtu yeyote. Vipimo vya Ngurdoto vilihusu maji yaliyopimwa. Visichukuliwe kuwa dawa ya kila kisima. Mwanakijiji akimwuliza mwalimu juu ya kisima chake, mwalimu amsaidie kupeleka sampuli kwa wahandisi wa maji wa wilaya.

Pili, katika darasa huenda wakawapo watoto wenye meno yenye madoa. Ni mwiko kumsimamisha mtoto mbele ya wenzake awe kielelezo. Watoto wa namna hiyo mara nyingi wamekwisha jifunza kucheka huku wakiziba mdomo kwa mkono, na wengine hudhaniwa kuwa ni wachafu. Mwalimu aeleze wazi kwamba madoa hayo hayatokani na uvivu wa kupiga mswaki, bali na maji aliyokunywa mtu akiwa mdogo. Neno hilo moja, likisemwa vema, laweza kumwondolea mtoto aibu ya miaka mingi.

Tatu, mazungumzo yahusishe na jikoni. Magadi yatumiwayo kulainisha maharage, yakitoka katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, huweza nayo kuwa na floridi. Wanafunzi waulize nyumbani ni magadi gani hutumika na hutoka wapi, wakizungumza kwa Kiiraqw kama wazoeavyo, kisha walete habari darasani kwa Kiswahili.

Maswali ya kujadili chuoni

1. Kwa nini chumvi inafaa kusimama badala ya floridi katika jaribio, na inapungukiwa wapi?
2. Ndoo moja huacha mashapo kidogo. Je, kijiji kizima kitumiapo njia hiyo kwa mwaka mmoja, kinahitaji mpango gani?
3. Andaa somo fupi juu ya sufuria ya alumini, tangu boksiti hadi chuma chakavu, ukitumia swali lile lile: mabaki yanakwenda wapi?