Roketi Ndogo za Thumba

Puto la kupimia hali ya hewa hupasuka lifikapo kilomita 30 hivi juu. Setilaiti nayo hupita mbali zaidi. Atakaye kuufikia upepo wa katikati hana budi kurusha roketi ndogo. Tarehe 21 Novemba 1963 India ilirusha ya kwanza kutoka Thumba, kijiji cha wavuvi huko Kerala. Roketi yenyewe ilitoka Marekani. Twawasifu wataalamu wake kwa kutoridhika na cha kuazima: mwaka 1967 walirusha waliyoiunda wenyewe, unene wake milimita 75 tu! Ya baadaye, RH-200, hufika kilomita 70 hivi, nayo imesaidia uchunguzi wa pepo za kusi zimleteazo mkulima mvua.

Wala tusiwasahau wavuvi waliohama nyumba zao, wakaliacha kanisa lao liwe ofisi. Kanisa hilo lingali limesimama. Sasa ni makumbusho.